Kasoro za Upakaji wa Metali kwa Umeme: Kusoma Dalili Mpaka Ufikie Chanzo

Kipuri kinachotoka tangini kikiwa na malengelenge kinaudhi, lakini angalau kinabaki karakana. Cha kuogopa ni kile kinachong'aa, kinachopita ukaguzi, kinachofungwa kwenye mtambo, kisha kinakatika baada ya siku mbili bila kuguswa. Mwongozo huu unapitia malalamiko yanayojirudia kwenye upakaji kwa umeme (kipuri huchovywa kwenye tangi la kemikali na umeme hulaza metali juu yake) wa nikeli, kromu ngumu, kadimi, zinki na bati kwa vipuri ambavyo havitakiwi kufeli: bolti za mizigo mizito, springi, shafti, viunganishi vya umeme. Nikeli imepewa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa kuwa ndiyo inayolazwa chini ya tabaka nyingi, na tabia zake zikieleweka nyingi za wenzake hueleweka pia.

Jambo moja litangulie. Usimwage kemikali tangini kabla hujajua kasoro imekaa sehemu gani ya kipuri. Kuongeza king'arishi, yaani dawa inayolifanya tabaka ling'ae, ni kazi ya dakika moja. Kukiondoa kinapozidi ni kazi ya siku nzima na tangi likiwa limesimama. Na mara nyingi tangi halina kosa lolote, kosa lilishafanyika kwenye usafishaji.

## Maswali ya kujiuliza kwa tatizo lolote

Je, kasoro iko kwenye vipuri vyote, au kwenye nafasi moja tu ya raki (fremu inayoning'iniza vipuri tangini)? Ikiwa ni nafasi moja, angalia kulabu ya raki: imeshika vizuri, au imefunikwa na nikeli ya zamani na kutu? Ikiwa ni vipuri vyote vya shehena moja ya chuma huku vya shehena nyingine vikitoka salama, shida inatoka kwa aliyechonga au aliyetia moto chuma hicho.

Kisha tazama mahali. Kasoro ya kwenye kingo na pembe inahusu mkondo mkubwa. Ya ndani ya mashimo na mikunjo inahusu mkondo mdogo, na hapo uchafu wa metali za kigeni hujitokeza. Iliyokaa kwenye nyuso zinazotazama juu tu ni taka zinazotua kutoka kwenye maji ya tangi. Iliyokaa chini ya kingo na kwenye mashimo yanayotazama chini ni gesi iliyonaswa.

Baada ya hapo pima kwa vifaa vyako mwenyewe. Usiamini namba za kwenye paneli. Chovya kipimajoto kingine tangini, sanifisha kipima pH upya, na pima mkondo kwa mita ya kukamata waya. Tangi la nikeli aina ya Watts, lililopewa jina la Oliver Watts aliyelieleza mwaka 1916, hufanya kazi likiwa na salfeti ya nikeli gramu 240 hadi 300 kwa lita, kloridi ya nikeli gramu 40 hadi 60, asidi ya boriki gramu 35 hadi 45, pH kati ya 3.8 na 4.5, na joto la nyuzi 45 hadi 60 za Selsiasi. Ikiwa hata kimoja kimetoka nje ya mipaka hii, kirekebishe kwanza ndipo uendelee kutafuta.

Mwisho, seli ya Hull. Hiki ni kichombo cha mililita 267 chenye ukuta mmoja wa mshazari, kinachoonyesha kwenye kibati kimoja jinsi tangi lako linavyofanya kazi kuanzia mkondo mkubwa hadi mdogo. Jaribu dawa humo kwanza. Karakana isiyo na seli ya Hull inafanyia majaribio yake kwenye vipuri vya mteja.

## Tabaka linabambuka au linatoa malengelenge

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na jibu lake liko mgongoni mwa tabaka lililobambuka. Chukua wembe, nyanyua kipande, kigeuze, kitazame kwa lenzi inayokuza mara 10. Kuna picha nne zinazojirudia.

Ukiona chuma kitupu na safi upande mmoja, na mgongo safi wa nikeli upande wa pili, nikeli haikushika kabisa. Ama usafishaji haukukamilika, ama uso wa chuma ulikuwa umejifunika oksidi.

Ukiona masizi meusi yanayotoka kwa kidole, chuma kilikaa kwenye asidi kupita kiasi. Asidi imekula chuma na kuacha kaboni juu. Hutokea zaidi kwa vyuma vyenye kaboni nyingi na vile vilivyotiwa ugumu.

Ukiona nikeli chini na nikeli juu, yaani tabaka limegawanyika lenyewe, umeme ulikatika katikati ya kazi. Nikeli, hasa ile inayong'aa, hujifunika oksidi haraka umeme unapoondoka, na kinachokuja juu yake hakishiki. Kulabu iliyolegea, rektifaya (kifaa kinacholisha tangi umeme) iliyojizima na kuwaka, au mtu aliyenyanyua raki kuchungulia, vyote huleta matokeo hayo hayo.

Ukiona vijipande vya chuma chenyewe vimeng'ang'ania mgongoni mwa nikeli, basi nikeli ilishika vizuri, ila ngozi ya chuma ilikuwa dhaifu. Chuma kilichosagwa kwa jiwe butu hubaki na ngozi iliyopondeka na kuungua, na ngozi hiyo huondoka pamoja na tabaka. Hakuna dawa ya tangini itakayorekebisha hilo. Rudi kwa fundi wa mashine.

Ukishaiona picha yako, fuata chanzo chake. Kwa picha ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida kabisa, anza na jaribio la maji. Toa kipuri kwenye suuzo la mwisho kabla ya tangi, kishike kikiwa kimeinama, utazame. Maji yanatakiwa kubaki kama utando mmoja usiokatika kwa takriban sekunde 30. Yakijikusanya kuwa matone au yakikimbia sehemu fulani, grisi bado ipo. Fanya jaribio hili baada ya kuchovya kwenye asidi, kwa sababu masalia ya sabuni ya alkali huweza kuyafanya maji yatande hata juu ya mafuta.

Grisi ikibainika, sababu kwa mpangilio wa kawaida wake ni hizi: sabuni imechoka au imepoa, kuna mafuta yanayoelea juu ya tangi la sabuni na kipuri kinajipaka upya kinapotoka, mafuta ya kukatia chuma yamekaukia kwenye kipuri kilichokaa wiki nzima rafuni, au nta ya kung'arishia imekandamizwa kwenye vinyweleo vya chuma. Hiyo ya mwisho inahitaji kulowekwa kwa dawa yake kabla ya sabuni ya umeme (ile inayosafisha kipuri kikipitishiwa mkondo), maana sabuni ya moto peke yake huigandisha.

Maji yakitanda vizuri na tabaka bado linabambuka, kuna wakosaji watatu wasioonekana kwa macho. Wa kwanza ni silikati. Sabuni nyingi za alkali zina silikati, na zisiposuuzwa vya kutosha hugandia kwenye chuma pale kinapoingia kwenye asidi, zikaacha utando mwembamba mno. Suuza mara mbili, suuzo la kwanza likiwa na maji ya uvuguvugu. Wa pili ni risasi iliyochanganywa kwenye brasi au chuma ili kichongeke kirahisi. Asidi ya haidrokloriki haiiondoi, inaigeuza kuwa chumvi isiyoyeyuka. Aloi za aina hiyo huchovywa kwenye asidi ya fluoboriki. Wa tatu ni kuchelewa. Kipuri kilichotoka kwenye asidi na kuachwa hewani huku mtu akijibu simu kimeshaanza kupata oksidi upya.

Chuma kisichoshika kutu ni kesi ya peke yake. Kina oksidi ya kromu inayojirudisha papo hapo, kwa hiyo lazima kipate kwanza tabaka jembamba la kushikia kutoka tangi la Wood: kloridi ya nikeli gramu 240 kwa lita pamoja na asidi ya haidrokloriki takriban mililita 125 kwa lita, bila kupashwa moto, kwa dakika chache. Kikitoka hapo kiende moja kwa moja kwenye tangi la nikeli kikiwa bado kimelowa. Hakuna njia ya mkato hapa. Alumini nayo hupita kwenye zinketi (dawa inayoweka tabaka jembamba la zinki), na matokeo bora hupatikana kwa kuipitisha mara mbili: tabaka la kwanza la zinketi livuliwe kwa asidi ya nitriki, kisha la pili liwekwe. La pili huwa jembamba na lenye kushika zaidi.

Malengelenge yanayotokea baada ya kipuri kupashwa moto, wakati kilitoka tangini kikiwa laini, maana yake kuna gesi au maji yaliyonaswa chini. Kwa vipuri vya kalibi angalia vinyweleo vya chuma chenyewe. Ndiyo maana kuna jaribio la kupasha na kuzamisha ghafla majini: chuma hupashwa hadi nyuzi 300, shaba na aloi zake 250, alumini 220, zinki 150. Lifanye kwenye kipande cha majaribio cha metali hiyo hiyo. Usilifanye kwenye kipuri chenyewe ambacho ugumu wake unaweza kupotea kwa joto hilo.

Simama hapa: ikiwa alumini yako ni ya kalibi yenye silikoni nyingi, fomula utakazopewa zitataja asidi ya haidrofloriki. Asidi hii hupenya ngozi, hushika kalisi mwilini na huweza kuua hata kwa eneo dogo la mwili lililoungua, na maumivu yake huweza kuchelewa. Bila mtaalamu aliyefunzwa, jeli ya kalisi glukoneti iliyo karibu na mpango wa hospitali, kazi hiyo ipelekwe kwingine.

## Vishimo vidogo kama ncha ya sindano

Jua kwanza kama vishimo ni vya tangi au vya chuma. Tazama kipuri ambacho hakijapakwa kwa lenzi. Vishimo vyenye kingo kali na umbo lisilo na mpangilio vilikuwepo tangu mwanzo, na nikeli hufuata umbo la chuma, wakati mwingine ikilionyesha zaidi.

Vishimo vya mviringo vyenye sakafu inayong'aa, na mara nyingi mkia mrefu unaoelekea juu, ni alama ya kiputo cha haidrojeni kilichong'ang'ania kikapanda taratibu. Sababu ya kwanza ni kupungua kwa kilowanishi, yaani dawa inayoviachisha viputo visishike kwenye kipuri. Jaribio rahisi: tengeneza kitanzi cha waya, kichovye tangini, kitoe polepole. Utando wa maji ukikatika mara moja, kilowanishi hakitoshi. Ongeza kidogo kidogo, na hakikisha ni kile cha tangi linalokorogwa kwa hewa ikiwa lako ni la hewa, maana kile kingine kitakujazia povu.

Sababu ya pili ni hewa inayovutwa na pampu kupitia pakingi iliyochakaa. Maji ya tangi yakionekana na weupe wa viputo vidogo mno karibu na mdomo wa bomba la kichujio, umeshapata jibu. Ya tatu ni mafuta, na mafuta hayo mara nyingi hutoka kwenye kompresa inayokoroga tangi. Tumia feni ya kusukuma hewa isiyo na mafuta. Kompresa ya kawaida haifai kazi hii. Ya nne ni asidi ya boriki kupungua, na hapo utaona vishimo vikiambatana na kuungua kwa kingo. Asidi hii hujificha: tangi likipoa usiku huganda chini, na asubuhi kipimo kinasoma pungufu ingawa imo humo humo.

Ukishapita yote hayo na vishimo vipo, shuku uchafu wa kikaboni. Dawa yake ni mkaa ulioamilishwa, gramu 2 hadi 5 kwa lita, tangi likiwa la moto, likorogwe, liachwe litulie, kisha lichujwe mpaka maji yasibaki na chembe hata moja ya weusi. Wengine hutanguliza peroksidi ya haidrojeni. Ukifanya hivyo ipashe mpaka iishe yote kabla ya kurudisha ving'arishi, la sivyo peroksidi itavila.

## Uso unakwaruza kama msasa

Pitisha kidole. Ikiwa nyuso za juu zinakwaruza na za chini ni laini, taka zinatua. Mifuko ya anodi (metali inayoyeyuka kulilisha tangi) iliyotoboka ndiyo ya kushukiwa kwanza. Inyanyue mmoja mmoja, usiangalie ule wa mbele tu. Kisha kichujio kilichojaa, au kilichosimama usiku na kumwaga taka zake kilipowashwa. Kisha vipuri vilivyoanguka tangini. Chuma kilichozama chini huyeyuka polepole, na kikifika kwenye pH ya juu hugeuka chembe zisizoyeyuka zinazopanda na kushika kwenye kazi. Pitisha sumaku chini ya tangi kila wiki.

Ikiwa pande zote zinakwaruza na maji ya tangi ni safi, angalia kipuri chenyewe. Shafti iliyosagwa na kubaki na sumaku huvuta vumbi lote la chuma lililomo tangini. Iondoe sumaku kabla ya kuiosha.

## Kingo zimeungua, katikati ni kwembamba

Rangi ya kijivu au nyeusi kwenye pembe huwa ni mkondo uliozidi kwa eneo hilo, joto lililoshuka au mkorogo uliosimama. Kabla ya kupunguza ampea, kokotoa eneo la kipuri upya. Mara nyingi mtu alipima eneo la nje akasahau kwamba raki haikujaa siku hiyo, na ampea zile zile zikagawiwa vipuri vichache.

Kwa nikeli, ampea 1 kwa desimita mraba huweka takriban mikroni 12 kwa saa. Kwa hiyo ampea 4 kwa nusu saa zinatakiwa kukupa mikroni 24 hivi kwa wastani. Neno wastani ndilo linaloumiza watu. Umeme hupenda kingo, na kipuri chenye mikroni 24 za wastani kinaweza kuwa na 45 kwenye pembe na 8 ndani ya mfereji, na mfereji ndipo kutu itakapoanzia. Weka kathodi za wizi, yaani waya zinazobeba mkondo uliozidi kwenye kingo, au ngao za plastiki, au anodi iliyochongwa kufuata umbo la kipuri. Umbo likiwa gumu kupita hapo, hamia nikeli isiyotumia umeme. Hutanda unene ule ule karibu kila mahali, ingawa tangi lake linalofanya kazi kati ya nyuzi 85 na 95 linahitaji uangalizi wa karibu zaidi.

Na usipime nikeli juu ya chuma kwa kipimo cha sumaku cha rangi. Nikeli ya umeme yenyewe ni ya sumaku, kwa hiyo namba utakayoisoma haina maana. Tumia eksirei ya flurosensi au kata kipande cha majaribio ukitazame kwa hadubini.

Kwa kromu ngumu, joto na mkondo hutembea pamoja. Tangi lenye gramu 250 za asidi ya kromiki na gramu 2.5 za salfeti kwa lita, uwiano wa 100 kwa 1, hutoa tabaka linalong'aa kwenye nyuzi 50 hadi 55. Likitoka la kijivu lililoungua, tangi ni baridi kwa mkondo uliotumia. Likitoka la rangi ya maziwa, ni la moto mno kwa mkondo huo. Umeme ukikatika katikati ya kazi ya kromu, usiuwashe tu ukaendelea. Kromu haishiki juu ya kromu iliyolala, mpaka uso uliwe kwanza kwa kugeuza umeme.

Simama hapa: mvuke wa tangi la kromu ya valensi sita (ile ya asidi ya kromiki) husababisha saratani. Kipeperushi cha mvuke kikizima, umeme wa tangi uzimwe kabla ya kutafuta kilichoharibika.

## Ndani ya mashimo na mikunjo kumekuwa kweusi

Hapo pana metali ya kigeni, na kwa nikeli shaba au zinki ndizo za kwanza kushukiwa. Shaba huingia kutoka kwenye pau za umeme zinazodondosha kutu ya kijani tangini, na zinki kutoka kwenye kalibi za zinki zilizoanguka. Ondoa chanzo kwanza. Kisha tundika bamba la metali lililokunjwa kama mawimbi na uendeshe tangi kwa ampea 0.2 hadi 0.5 tu kwa desimita mraba kwa saa kadhaa. Metali hizo zitakwenda kwenye mabonde ya bamba na kuacha tangi safi. Jaribu seli ya Hull katikati ya kazi badala ya kubahatisha muda.

Chuma na alumini haviondoki kwa njia hiyo. Vinahitaji pH ipandishwe kupita 5 kwa kabonati ya nikeli kwenye tangi la pembeni, vigande, vichujwe. Usipandishe kwa soda kali.

## pH haitulii

Ufupi wake ni huu: tangi la nikeli lenye afya hupanda pH polepole, kwa sababu anodi huyeyuka karibu yote huku sehemu ndogo ya umeme wa kathodi, yaani upande wa kipuri, ikipotelea kwenye haidrojeni. Kuongeza asidi kidogo kila siku ni dalili njema. Ikiwa pH inashuka yenyewe na volteji inapanda, anodi zimeziba: vikapu vya titani viko nusu tupu, mifuko imejaa tope au kloridi imepungua. Jaza vikapu kwanza, halafu ndipo upime kloridi.

## Kipuri kimevunjika siku kadhaa baada ya kupakwa

Sehemu hii isomwe polepole. Chuma chenye nguvu kubwa kinapooshwa kwa asidi au kupakwa kwa umeme, atomi za haidrojeni huingia ndani yake. Hazionekani, wala tabaka halionyeshi dalili. Bolti ikifungwa, haidrojeni husogea taratibu kuelekea penye mvutano mkubwa, kwa kawaida mzizi wa uzi wa kwanza unaobeba mzigo au shingo chini ya kichwa, na saa au siku chache baadaye kichwa kinaruka. Ukitazama mahali ilipokatika kwa hadubini ya elektroni utaona chembe za chuma zimeachana mipakani, bila chuma kuvutika.

Hatari huanza kuzingatiwa kwa vyuma vyenye nguvu ya kuvutwa kuanzia megapaskali 1000, na inakua kwa kasi ugumu ukipita takriban 39 kwa kipimo cha Rockwell C. Springi, bolti za daraja la juu na vipuri vilivyotiwa ugumu wa ngozi vimo humo.

Ukipata kesi ya namna hii, uliza kwa mpangilio huu. Je, vipuri viliokwa, yaani kupashwa tanurini ili haidrojeni itoke? Viliokwa baada ya muda gani tangu vitoke tangini? Desturi ni kuingia tanurini ndani ya saa 4, na mapema zaidi ni bora. Tanuri lilifika kweli nyuzi 190 hadi 220, na vipuri vya katikati ya kapu navyo vilifika, au ni hewa tu iliyofika? Vilikaa muda gani? Viwango hudai kuanzia saa 8 hadi zaidi ya 20 kutegemea nguvu ya chuma, na saa huanza kuhesabiwa kipuri chenyewe kinapofika joto hilo. Vipuri vilivyotiwa ugumu wa ngozi huenda visihimili joto hilo, na hapo joto hushushwa na muda huongezwa kwa maelekezo ya mbunifu.

Kisha rudi nyuma kwenye usafishaji. Sabuni ya umeme ilitumika kipuri kikiwa kathodi? Hapo haidrojeni ilizalishwa juu ya chuma kabla ya upakaji kuanza. Tumia upande wa anodi. Kilikaa kwenye asidi dakika ngapi, na kwa nini asidi badala ya kupigwa mchanga laini? Kilipunguzwa mkazo kwa joto baada ya kusagwa na kabla ya kupakwa? Na je, hiki ni kipuri kilichovuliwa tabaka kwa asidi kikapakwa upya? Kuvua na kupaka upya chuma kigumu ni kuingiza haidrojeni mara mbili.

Kwa kadimi na zinki, mpangilio wa kazi una uzito wake: oka kwanza, kromati ya njano (utando wa kukinga kutu) baadaye. Kromati ikipashwa kupita takriban nyuzi 60 hupasuka na kupoteza kinga yake. Anayeoka baada ya kromati anaharibu kromati, na anayeruka kuoka ili kuilinda rangi anaharibu kitu kikubwa zaidi.

Kuthibitisha kwamba mchakato wako ni salama hufanywa kwa vipande vyenye mkato maalumu vinavyovutwa kwa asilimia 75 ya nguvu yao ya kuvunjika na kuachwa saa 200. Kikivunjika kimoja, mchakato bado haujathibitishwa kuwa salama.

Simama hapa: ukiwa na shaka kama shehena iliokwa ipasavyo, usiioke kwa kuchelewa ukaipitisha. Nyufa zikishaanza, tanuri haliziunganishi. Izuie shehena yote, tafuta vipuri vilivyokwisha kutoka, na umwite mhandisi wa metali. Uamuzi wa kuitumia au kuitupa si wa fundi wa tangi.

## Bati limeota nywele

Bati tupu, lisilo na risasi, huweza kuota nyuzi nyembamba za metali zenye unene wa mikroni chache na urefu unaoweza kufika milimita kadhaa. Uzi mmoja ukigusa pini ya jirani, umeme unapita mahali pasipotakiwa. Setilaiti ya mawasiliano Galaxy IV ilipotea mwezi Mei 1998, na chanzo kilichotajwa ni nyuzi za bati ndani ya kompyuta yake ya kuiongoza.

Zitazame kwa hadubini ukielekeza mwanga kutoka pembeni na ukiugeuza geuza. Mwanga wa moja kwa moja huzificha. Chanzo ni mkandamizo ndani ya tabaka, na huletwa zaidi na bati linalong'aa kwa king'arishi, bati lililolazwa moja kwa moja juu ya shaba au brasi, na vipuri vilivyokunjwa baada ya kupakwa. Pale inaporuhusiwa, risasi ya asilimia 3 au zaidi ndiyo kinga ya kuaminika. Pasiporuhusiwa, weka nikeli chini ya bati, tumia bati la rangi ya maziwa, na funika saketi kwa utando mzito wa kukinga. Nikeli hiyo pia huzuia zinki ya brasi kupanda juu na kuharibu solda. Zinki na kadimi nazo huota nywele, jambo ambalo wengi huligundua kwa kuchelewa.

Ukizikuta kwenye kifaa kinachofanya kazi, usizipige brashi wala hewa. Utazivunja na kuzisambaza kwenye saketi nzima.

## Kabla ya kuvua tabaka na kuanza upya

Kuvua ni pale tu chanzo kinapojulikana, na kwa chuma kigumu ni kwa idhini ya maandishi ya mwenye kipuri. Angalia pia dawa ya kuvulia ina nini. Baadhi ya zile za nikeli, shaba na kadimi zina sayanidi, na sayanidi ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua kwa dakika chache. Matangi yake, ndoo zake, mifereji yake na hata matambara yake vitenganishwe kabisa na vya asidi. Ukisikia harufu kama ya lozi chungu, ondoka, ita wazima moto, usirudi kuangalia. Wapo watu ambao pua zao haziipati kabisa harufu hiyo, kwa hiyo kipima gesi cha ukutani ndicho cha kutegemea, na kinatakiwa kujaribiwa kabla ya kila zamu.